Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu metali na aloi: shaba, kobalti, chuma na nyinginezo

Mji wa Lubumbashi ulizaliwa na shaba. Ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga likaanza kuyeyusha madini ya hapa. Hata hivyo, wengi wetu tunashika metali kila siku, iwe karakanani, jikoni au juu ya paa la nyumba, bila kuwahi kuelezwa kwa nini zinatenda hivyo zinavyotenda. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kemia, mafundi na wazazi wanaouliza. Wazo moja litajirudia: jina la metali halitoshi kukuambia itakavyofanya kazi, kwa sababu ni lazima ujue pia imechanganyika na nini, imepitia moto na nyundo kwa kiasi gani, na imegusana na metali gani nyingine.

Metali ni nini hasa?

Metali ni elementi ambayo atomi zake huziachilia elektroni za nje, nazo elektroni hizo hazibaki mali ya atomi moja, bali huzunguka ndani ya kipande kizima. Kutokana na jambo hilo moja tunapata karibu tabia zote tunazozijua. Elektroni zilizo huru husafirisha umeme na joto. Huurudisha mwanga, na ndiyo maana uso wa metali uliosuguliwa hung'aa. Tena kwa kuwa zinazishikilia atomi zote kwa pamoja bila kuzifunga mbilimbili, safu moja ya atomi inaweza kuteleza juu ya nyingine bila kipande kupasuka.

Linganisha shaba na malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wetu hulichonga mikufu na sanamu. Jiwe hilo lina shaba nyingi, zaidi ya nusu ya uzito wake, lakini ukilipiga nyundo linavunjika. Ndani yake shaba imeshakuwa ioni, yaani atomi zenye chaji, zilizofungwa na kaboneti, na safu zikisogezwa kidogo tu, chaji zinazofanana huelekeana na kusukumana hadi jiwe linapasuka. Shaba ileile ikishatolewa ndani ya jiwe na kuwa metali inakubali kufuliwa hadi kuwa bamba jembamba.

Si kila metali hufulika kwa urahisi uleule. Katika shaba, dhahabu na alumini, atomi zimepangwa kwa namna inayoruhusu safu kuteleza kuelekea pande nyingi. Zinki imepangwa kwa umbo la pembe sita lenye njia chache za kuteleza, hivyo ikiwa baridi huvunjika, ilhali ikipashwa moto hadi kati ya nyuzi 100 na 150 za Selsiasi inakunjika vizuri. Chuma nacho hubadili mpangilio wake kinapofika nyuzi 912, na badiliko hilo ndilo linalomwezesha mhunzi kutengeneza panga linalokata.

Kwa nini shaba ni nyekundu ilhali metali nyingi ni nyeupe?

Elektroni za shaba humeza sehemu ya mwanga wa buluu na kijani, kwa hiyo mwanga unaorudi machoni petu una wekundu. Dhahabu humeza zaidi upande wa buluu, ikabaki ya njano. Fedha, alumini, zinki na nyingi nyingine hurudisha rangi zote karibu sawasawa.

Ni vipimo gani vya msingi ambavyo fundi anapaswa kuvifahamu?

Viwili vinatosha kwa kuanzia: densiti, yaani uzito wa sentimeta moja ya ujazo, na kiwango cha kuyeyuka. Alumini ina densiti ya gramu 2.70 na huyeyuka kwenye nyuzi 660. Zinki ni gramu 7.14 na nyuzi 420. Metali ya bati, ile inayopatikana katika madini ya kasiteriti ya Manono na ya Kivu, ni gramu 7.29 na nyuzi 232 tu. Chuma ni gramu 7.87 na nyuzi 1538. Kobalti ni gramu 8.90 na nyuzi 1495. Shaba ni gramu 8.96 na nyuzi 1085. Risasi ni gramu 11.34 na nyuzi 327. Dhahabu ni gramu 19.3 na nyuzi 1064.

Takwimu hizi zina maana hata nyumbani. Mbabula ya kawaida, yaani jiko la makala (makaa), inaweza kuyeyusha risasi na bati bila shida, na ikipulizwa hewa ya kutosha itayeyusha alumini. Shaba inahitaji tanuru na upepo wa nguvu. Onyo moja ni la lazima hapa: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka. Anayeyeyusha vipande vya shaba njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, au anayechomelea bomba lililopakwa zinki, hutoa moshi mweupe unaoleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Kazi hiyo ifanyike nje, mahali penye hewa, na fundi asimame upande unakotoka upepo.

Wazee wetu waliwezaje kuyeyusha shaba bila umeme wala mashine?

Walifahamu kazi yao kwa kina, na ninaamini kwamba ujuzi huo unastahili kufundishwa shuleni kama kemia kamili. Walichagua malakiti, walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, ambao unavumilia moto, wakatumia makala ya miti migumu na mivukuto ya ngozi. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi.

Kemia yake ni hii. Malakiti ikipata joto hutoa mvuke wa maji na kaboni dioksidi, kisha inabaki oksidi nyeusi ya shaba. Makala yanayoungua mahali penye hewa isiyotosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo huipokonya oksidi ile oksijeni yake. Shaba haiing'ang'anii oksijeni sana kama chuma, tena huyeyuka kwenye joto la chini zaidi, kwa hiyo hutiririka hadi chini ya tanuru ikiwa metali. Ilimiminwa katika kalibu na kupewa umbo la msalaba. Misalaba hiyo imepatikana katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, ilitumika kama mali ya kubadilishana, na mwaka 1960 mitatu kati yake iliwekwa kwenye bendera ya Katanga.

Aloi ni nini, na kwa nini tusitumie metali safi?

Aloi ni metali iliyochanganywa na elementi nyingine moja au zaidi, ikabaki na tabia za kimetali. Mara nyingi viungo huyeyushwa pamoja, na vikipoa atomi za kiungo kidogo hukaa mahali pa atomi za kile kikubwa, au hujipenyeza katika nafasi zilizo kati yao. Zinki ndani ya shaba hufuata njia ya kwanza. Kaboni ndani ya chuma hufuata ya pili.

Sababu ya kuchanganya ni kwamba metali safi kwa kawaida ni laini. Atomi zote zikiwa na ukubwa mmoja, safu huteleza kwa urahisi. Ukiingiza atomi zenye ukubwa tofauti, mpangilio hupindapinda kidogo, safu hukwama, na metali inakuwa ngumu. Bronzi yenye takriban asilimia 10 ya bati ni ngumu kuliko shaba na vilevile kuliko bati, na huyeyuka kwenye joto la chini kuliko shaba, hivyo ni rahisi kuimimina katika kalibu.

Mfano ulio wazi zaidi wa kushuka kwa kiwango cha kuyeyuka ni lehemu ya mafundi redio. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 na risasi kwenye nyuzi 327, lakini mchanganyiko wa takriban asilimia 62 ya bati na 38 ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili, tena huyeyuka wote kwa mara moja. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kiwango cha aloi lazima kiwe kati ya viwango vya wazazi wake, na mfano huu unaondoa dhana hiyo kabisa. Kwa kuwa risasi ni sumu, viwanda vingi sasa hutumia lehemu isiyo na risasi, ambayo huhitaji joto la juu zaidi.

Ikiwa aloi ni bora, kwa nini viwanda vinahangaika kusafisha shaba hadi asilimia 99.99?

Kwa sababu ubora hutegemea kazi inayotakiwa. Zile atomi ngeni zinazozuia safu kuteleza huzuia pia elektroni kupita. Shaba safi iliyolainishwa ndiyo kipimo cha kimataifa cha upitishaji umeme tangu mwaka 1913, na hupewa asilimia 100. Shaba njano yenye asilimia 30 ya zinki hushuka hadi karibu asilimia 28. Hata fosforasi kidogo mno, ambayo jicho haliwezi kuitambua, hupunguza upitishaji kwa kiasi ambacho mtengenezaji wa nyaya hawezi kukivumilia.

Ndiyo sababu katika ukanda wetu wa madini, kutoka hapa hadi Kolwezi, shaba nyingi huondoka ikiwa katodi, yaani mabamba ya shaba safi yaliyotengenezwa kwa umeme. Madini ya oksidi husagwa na kulowekwa katika asidi ya salfa. Shaba huyeyukia ndani yake na kutoa maji ya buluu. Maji hayo husafishwa, kisha umeme hupitishwa, na ioni za shaba hupokea elektroni na kujipanga tena kuwa metali juu ya bamba. Elementi ambazo hupokea elektroni kwa shida zaidi kuliko shaba, kama vile chuma, zinki na kobalti, hubaki katika maji. Kwa hiyo umeme unafanya kazi mbili: kuitoa shaba majini na kuitenga na nyingine.

Kwa nini shaba ya kufuliwa huwa ngumu katikati ya kazi?

Mafundi wa Lubumbashi wanaochora picha juu ya mabamba ya shaba kwa nyundo wanalijua tatizo hili. Kila pigo husogeza safu za atomi na kuacha kasoro ndogo ndogo katika mpangilio. Kasoro zikizidi, hukwamishana, bamba hukakamaa, na mwishowe hupasuka. Dawa yake ni moto: pasha bamba hadi lipate wekundu hafifu, na atomi zitajipanga upya katika chembechembe mpya zisizo na kasoro. Baada ya hapo unaweza kulitumbukiza majini au kuliacha lipoe lenyewe, kwa kuwa shaba safi haigeuki ngumu kwa kupozwa ghafla.

Chuma chenye kaboni hutenda kinyume chake. Kikipashwa hadi kiwe chekundu kinachong'aa, kaboni huenea ndani ya mpangilio wa joto. Kikizamishwa majini ghafla, kaboni haipati muda wa kutoka, inanaswa, na chuma kinakuwa kigumu sana lakini chepesi kuvunjika. Mhunzi hukipasha tena kidogo, kati ya nyuzi 200 na 300, ili kukirudishia uvumilivu. Nondo za ujenzi zina kaboni kidogo mno, kwa hiyo panga lililofuliwa kwa nondo halitashika makali hata likizamishwa mara ngapi. Ndiyo maana wahunzi wenye uzoefu hutafuta resori (springi) za magari makubwa.

Kuna tofauti gani kati ya chuma cha kawaida, chuma cha kusubu na inoksi?

Chuma cha kawaida kina kaboni isiyozidi takriban asilimia 2, na mara nyingi ni chini sana ya hapo. Chuma cha kusubu kina kati ya asilimia 2 na 4. Humiminika vizuri lakini huvunjika kikipigwa, na ni kigumu kukichomelea. Inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, ni chuma chenye kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi huungana na oksijeni ya hewa na kutengeneza utando mwembamba usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujifunga tena wenyewe. Inoksi ya vyombo vya jikoni kwa kawaida ina takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli, na mara nyingi haivutwi na sumaku, hivyo sumaku peke yake haiwezi kukuthibitishia kwamba chombo si cha chuma.

Kobalti ina sifa gani zinazoifanya itafutwe hivyo?

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba na Haut-Katanga, kwa hiyo swali hili linatuhusu moja kwa moja. Kobalti ni mojawapo ya metali tatu za kawaida, pamoja na chuma na nikeli, zinazovutwa kwa nguvu na sumaku katika joto la kawaida, na huhifadhi usumaku wake hadi zaidi ya nyuzi 1100, kiwango ambacho hakuna elementi nyingine inayokifikia. Aloi zake hubaki imara zikiwa na joto kali, ndiyo maana hutumika katika injini za ndege. Kikemia, atomi yake inaweza kutoa elektroni na kuzipokea tena mara nyingi bila muundo unaoizunguka kuvunjika, na tabia hiyo ndiyo inayohitajika ndani ya betri za lithiamu.

Watu huuliza kama sumaku inaweza kuonyesha jiwe lenye kobalti. Haiwezi. Katika heterojeniti, yale madini meusi yanayochimbwa Kolwezi, kobalti imefungamana na oksijeni na haidrojeni, na ule usumaku wa metali haupo tena. Jiwe linalorukia sumaku kwa nguvu lina uwezekano mkubwa wa kuwa na oksidi ya chuma. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba vumbi la kobalti huumiza mapafu na ngozi. Kusaga au kuosha madini hayo ndani ya nyumba, karibu na watoto, ni hatari ya kweli.

Je, gerimani nayo ni metali?

Si metali kamili. Inang'aa, lakini huvunjika kama kioo, na upitishaji wake wa umeme huongezeka inapopashwa joto, wakati ule wa shaba hupungua. Mendeleev alitabiri kuwepo kwake mwaka 1871 na Clemens Winkler akaigundua mwaka 1886. Madini ya Kipushi, yenye zinki na shaba, yana gerimani pia, na sehemu yake iliishia katika kile kilima cheusi cha taka za tanuru kinachoonekana Lubumbashi. Kilima hicho kina kobalti pia, ambayo ilipotea katika taka kwa sababu huishika oksijeni kwa nguvu kuliko shaba.

Kwa nini chuma huoza kwa kutu ilhali shaba hubaki?

Chuma hupata kutu panapokuwa na maji na oksijeni kwa pamoja. Kimoja pekee hakitoshi. Kutu yake ni laini, huvimba na kubanduka, hivyo kila tabaka linapoanguka chuma kipya hufunuliwa. Shaba na alumini pia huungana na oksijeni, lakini tabaka lao hushikamana na metali na kuikinga. Rangi ya kijani inayojitokeza juu ya shaba ya kale ni mchanganyiko wa kaboneti na salfeti za shaba.

Mabati ya paa hukingwa na zinki kwa njia mbili. Kwanza zinki hufunika chuma. Pili, hata bati likikwaruzwa, zinki hutoa elektroni zake kabla ya chuma, kwa hiyo huliwa yenyewe na chuma kinasalimika. Ulinzi huo hudumu kadiri zinki inavyobaki, na mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili, zikichanganyika na moshi wenye salfa, huimaliza mapema. Kinyume chake ni kugusanisha chuma na shaba mahali penye unyevu: hapo chuma ndicho kinachotoa elektroni, na huoza haraka kuliko kingekuwa peke yake. Kamwe usifunge bamba la shaba kwa misumari ya chuma.

Naweza kuunganisha waya wa alumini na wa shaba?

Usizisokote pamoja. Unyevu ukiingia, alumini huliwa pale zinapogusana. Isitoshe, metali hizi mbili hazitanuki sawa zinapopata joto, kiungo hulegea, oksidi ya alumini isiyopitisha umeme hujikusanya, kiungo huwaka moto, na nyumba inaweza kuungua. Kuna viunganishi maalumu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Alumini yenyewe si waya mbaya. Hupitisha takriban asilimia 61 ya umeme ambao shaba ya unene uleule ingepitisha, lakini kwa kuwa ni nyepesi sana, kilo moja yake hufanya kazi ya karibu kilo mbili za shaba. Ndiyo maana nyaya ndefu za umeme mkubwa zinazoning'inia juu ya minara kwa kawaida ni za alumini iliyoimarishwa kwa chuma.

Sufuria za kumimina zinazouzwa sokoni ni salama?

Swali hili linanigusa kuliko mengine yote, kwa sababu linahusu chakula cha watoto. Alumini safi haina tatizo kubwa. Tatizo ni chakavu: vipande vya injini, radieta na vyombo vya kila aina huyeyushwa pamoja, na risasi inaweza kuingia. Ikishaingia, haionekani kwa macho wala haitoki kwa kusugua, na vyakula vichachu kama nyanya na ndimu huitoa kidogo kidogo kila unapopika. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Anayeweza kupata sufuria ya inoksi au ya alumini ya kiwandani kwa ajili ya mboga na mchuzi afanye hivyo, na asihifadhi chakula kichachu ndani ya sufuria ya kumimina usiku kucha.

Nitaitambuaje dhahabu ya kweli?

Rangi hudanganya, kwa kuwa shaba njano na pariti, lile jiwe la njano linalong'aa, zote mbili zinaifanana. Pariti ni rahisi: ipige nyundo, itasagika, ilhali dhahabu itabapa. Kwa shaba njano, wengine hutumia asidi ya nitriki, ambayo huila shaba na kuiacha dhahabu, lakini hutoa gesi ya kahawia yenye sumu na huunguza ngozi. Sishauri ifanyike nje ya maabara.

Densiti ni njia salama zaidi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani sahihi na uirudishe kwenye sifuri, kisha kizamishe kipande kikiwa kimefungwa uzi, kisiguse kuta wala sakafu ya kikombe. Gramu zitakazoonekana ni sawa na ujazo wa kipande kwa sentimeta za ujazo. Gawanya uzito wa kipande kikiwa kikavu kwa namba hiyo. Kipande cha gramu 38.6 kitaonyesha gramu 2.0 kikiwa dhahabu safi, na takriban gramu 4.5 kikiwa shaba njano. Dhahabu iliyochanganywa na shaba au fedha itakuwa kati ya hizo mbili, na mtu akidai kwamba anakuuzia ya karati 24, yaani safi, huku mizani ikionyesha gramu 2.5, basi densiti yake ni takriban 15.4, na hiyo ni karibu na dhahabu ya karati 18.